Chanuo Kwanza, Sindano Baadaye

Ndugu zangu wa Arua na Koboko, nawaletea ombi ambalo wengine watalicheka kabla ya kulimaliza. Nawaomba mchane mbwa wenu.

Najua jibu lililo mdomoni. Mbwa wa kwetu hachanwi. Kazi yake ni kulinda boma usiku, kufurusha ndezi mashambani na kumaliza makombo ya ugali wa enyasa yaliyobaki kwenye sahani. Manyoya yake ni mafupi, mvua inamwosha, jua linamkausha, na kama kuna kitu kinamwasha atajikuna mwenyewe. Kuchana mbwa ni mambo ya kwenye televisheni. Nami niliwaza hivyo hivyo kwa miaka mingi, mpaka siku moja nilipoketi chini ya mwembe nikitazama mbwa wakichanjwa.

Mtu wa mifugo alikuwa amefika na pikipiki, kisanduku chake cha barafu kimefungwa nyuma kwa mpira. Watu walikuja na mbwa wao, mmoja mmoja. Akaja mvulana wa miaka kama kumi na miwili akimvuta mbwa wa kahawia kwa kipande cha waya. Mbwa yule alikuwa hajaguswa tangu alipokuwa mtoto. Alipoona watu wamemzunguka aliinua midomo, akaonyesha meno, akajirusha nyuma. Wanaume watatu walijaribu kumkamata. Mmoja alichanika mkono wa shati, na nusura achanike mkono wake pia. Waya ukateleza, mbwa akapotelea kwenye mihogo, na mvulana akabaki ameshika waya mtupu, macho chini.

Nyuma yake kulikuwa na mama mmoja mzee. Mbwa wake hakuwa na kamba wala waya. Alimfuata tu, akaketi karibu na miguu yake. Mama alipiga goti, akaweka kichwa cha mbwa kwenye paja lake, akaanza kumpapasa nyuma ya masikio kama mtu anayetafuta kitu. Sindano iliingia ikatoka kabla mbwa hajageuza shingo. Nilimwuliza mama siri yake. Akanishangaa. Hakuwa na siri yoyote, alisema, ila kila jioni humtoa kupe.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa mama yule, kutoa kupe kulikuwa kumemfundisha mbwa wake kwamba mkono wa mtu hauleti fimbo peke yake. Mbwa aliyezoea mkono anatibika, na asiyezoea ataugua hadi afe bila mtu wa kumshika, na huenda akaondoka na mwana wa mtu. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Msasi mpole naye ana wake.

Niseme wazi kwa nini jambo hili lina uzito wa roho za watu. Kichaa cha mbwa, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na karibu wote ni wa Afrika na Asia. Kati ya wagonjwa mia, tisini na tisa waliupata ugonjwa kutoka kwa mbwa. Katika kila watu kumi wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza hakuna daktari wa Arua, wa Kampala wala wa London anayeweza kumrudisha mgonjwa, isipokuwa kwa nadra mno. Lakini ugonjwa huu wa kutisha unazuilika kwa urahisi. Mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, na wakaendelea kuchanjwa, virusi hukosa njia ya kupita na mnyororo hukatika.

Saba katika kumi si idadi kubwa. Lakini kila anayeendesha chanjo vijijini anajua kwamba dawa inaweza kuwepo, mtaalamu akawepo, mwenye mbwa naye akataka, kisha kazi ikakwama kwa sababu hakuna awezaye kumshika mbwa. Kwa hiyo kampeni ya chanjo huanza miezi mingi kabla ya pikipiki ya mtu wa mifugo kuonekana barabarani. Huanzia uani kwako, jua likishuka, ukiwa na chanuo mkononi.

Nianze na mbwa wenye manyoya marefu, maana wao ndio walimu wetu wakubwa. Siku hizi katika mitaa ya Arua unaweza kukutana na mbwa wenye masikio ya kuning'inia na mashada ya manyoya miguuni: spanieli, au machotara wa spanieli na mbwa wa hapa. Jirani yangu ana mmoja. Aliachiwa na mgeni aliyemaliza mkataba wake akarudi kwao. Aliachiwa mbwa, bakuli na mfuko wa chakula, lakini hakuna aliyemwachia maarifa. Baada ya miezi minne manyoya ya nyuma ya masikio yalikuwa yameshikana kama jamvi, kwapani kulikuwa na mafundo magumu yaliyomvuta ngozi kila alipopiga hatua, na mbwa aliyekuwa akicheza na watoto alianza kunguruma akiguswa. Watu wakasema amekuwa mkali. Hakuwa mkali hata kidogo. Alikuwa anaumwa.

Spanieli wengi walizalishwa Uingereza kwa kazi ya kuingia vichakani na kufurusha ndege ili mwindaji apate kuwalenga. Manyoya yale marefu ya kifuani, tumboni na miguuni yaliwakinga na miiba na maji baridi. Mlete mbwa huyo huku kwetu Nile Magharibi, mwachie apite kwenye magugu wakati mvua zimekatika, na kila mbegu ya kishona nguo itapanda juu yake kama abiria wa basi la Kampala. Mbegu hukaa, manyoya huzunguka mbegu, unyevu hukaza manyoya, na ndani ya wiki mbili una fundo. Chini ya fundo ngozi haipumui, unyevu, udongo na uchafu hukaa, na vidonda huanza mahali usipoona.

Dawa ya hali hii kila mama aliyemsuka bintiye anaijua. Nywele za timutimu hazichanwi kuanzia kwenye shina. Unaanza nchani, unafungua kidogo, unapanda kidogo, huku mkono wa pili umeshika nywele karibu na ngozi ili maumivu yasifike kichwani. Kwa spanieli ni vivyo hivyo. Chukua chanuo lenye meno mapana, kisha kitana chenye meno ya karibu. Gawa manyoya kwa mafungu, chana fungu moja hadi ngozini, ndipo uende la pili. Ukipita juu juu, mgongo utang'aa na mafundo yatabaki chini. Pitia hasa pale yanapojificha: nyuma ya masikio, kwapani, chini ya ukosi, nyongani, chini ya mkia na katikati ya vidole. Dakika kumi, mara tatu kwa wiki, zinatosha.

Ukikuta fundo, usilivute. Lipake unga laini wa mahindi au mafuta kidogo, ulifikiche kwa vidole mpaka lianze kuachana, kisha uchane kutoka nchani. Likikataa kabisa, ingiza kitana kati ya fundo na ngozi, ukate juu ya kitana. Kitana ndicho kinga yako, kwa maana ngozi ya mbwa ni nyembamba, hujikunja ndani ya fundo, na mkasi usioona huikata kama karatasi. Na kumbuka kuchana kabla ya kuogesha, kwa sababu fundo likilowa hukaza zaidi, na likikauka linakuwa gumu kama kamba ya katani.

Wengine huona njia rahisi ni kumnyoa mbwa wote, hasa Januari na Februari jua linapowaka. Ninawasihi msifanye hivyo. Manyoya humkinga mbwa na jua pia, na ngozi iliyokuwa imefunikwa ikifunuliwa ghafla huungua. Tena manyoya ya spanieli yaliyonyolewa hadi chini mara nyingi hurudi kama sufi, mazito na rahisi kusokotana kuliko mwanzo. Punguza tu: mashada ya miguuni, tumboni, kati ya vidole na chini ya masikio, ukiacha urefu wa kuzuia jua. Sehemu ya ndani ya sikio, karibu na tundu, ipunguzwe vizuri ili hewa ipite. Sikio linaloning'inia hufunika tundu, unyevu hukaa, na harufu mbaya inayotoka humo ni dalili ya uambukizi. Baada ya kuogesha futa masikio kwa kitambaa kikavu. Usichokonoe kwa kijiti.

Sasa nije kwa mbwa wetu wa kila siku, yule wa manyoya mafupi, ambaye ndiye wengi tunamfuga. Huyu hahitaji chanuo la meno mapana, anahitaji dodoki. Dodoki kavu lile lile linalosugua mwili bafuni, ukimtengea lake, litaondoa vumbi, manyoya yaliyokufa na magamba ya ngozi. Mara moja kwa wiki inatosha. Lakini vidole vyako ndivyo chombo kikuu. Pitisha vidole mwili mzima polepole, kwa macho yaliyofumbwa kama ikibidi, na vidole vitakuambia kila kilichomo.

Vitakuambia kwanza kuhusu kupe. Kupe wa mbwa, wa rangi ya kahawia, hupenda ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya ukosi na kwenye kope. Jike mmoja akishiba huanguka, akaingia kwenye ufa wa ukuta au chini ya mkeka na kutaga mayai kwa maelfu. Kwa hiyo ukitoa kupe mmoja leo umeokoa nyumba. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumzungusha. Usimponde kwa kucha, wala usimchome kwa sigara. Mtumbukize kwenye kopo lenye maji ya sabuni au spiriti, kisha unawe mikono. Kupe hawa hubeba vijidudu vinavyoharibu damu ya mbwa. Ukiona fizi zake zimepauka, amekataa chakula na mwili una joto, kuchana kumefika mwisho wake. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Vidole vitakuambia pia kuhusu uvimbe mdogo wenye tundu katikati. Huyo ni funza wa nzi, yule anayetutaabisha hata sisi tukianika nguo chini na kuzivaa bila kupiga pasi. Nzi hutaga kwenye mchanga wenye mkojo, na mbwa akilala hapo funza huingia. Paka mafuta ya mgando juu ya tundu. Funza akikosa hewa hutokeza, nawe umminye taratibu kutoka pembeni. Vitakuambia kuhusu viroboto, ambao kinyesi chao ni kama pilipili manga iliyosagwa na hugeuka chekundu ukikiweka kwenye karatasi yenye maji. Vitakuambia kuhusu ukurutu, manyoya yanapokatika kwenye ncha za masikio na viwiko na ngozi kuwa ngumu. Na wakati wa kiangazi angalia nyayo, maana tekenya wa vumbini hawabagui mguu wa mbwa na mguu wa mtoto.

Hapa lazima nikemee mambo mawili tunayofanya kwa nia njema. La kwanza ni kumpaka mbwa mwenye ukurutu oili chafu ya injini. Oili ile ni sumu. Hupita kwenye ngozi, na mbwa akijiramba humeza. La pili ni kumwogesha kwa dawa ya ng'ombe kwa kipimo cha kukisia. Baadhi ya dawa hizo zinaweza kutumika kwa mbwa, lakini kwa kipimo chake na kwa maelekezo ya mtaalamu. Mwenye duka la dawa za mifugo, ninakuomba wewe pia: mteja akikuambia ni ya mbwa, mwulize mbwa ana uzito gani na umri gani kabla ya kupokea pesa. Na dawa ya kupe ya mbwa yenye pamethrini isikaribie paka, maana inaweza kumwua.

Kuhusu kuogesha, mara moja kwa mwezi yatosha. Ngozi ya mbwa si kama yetu, na sabuni ya unga au jiki huichubua. Tumia sabuni laini ya watoto ukikosa ya mbwa, na suuza mpaka maji yatoke safi. Maji yakiwa shida, kama yanavyokuwa kwa wengi wetu kiangazi kikikaza, dodoki kavu litafanya kazi hiyo bila tone.

Najua pia swali ambalo wengi wanalo moyoni na hawalisemi. Huku kwetu Koboko adhana na kengele ya kanisa husikika katika mji mmoja, na ndugu zetu Waislamu wengi wanafuga mbwa wa kulinda na wa kuwinda huku wakichunga twahara yao. Wito huu hauwaombi wavunje hilo. Kuvaa glavu, kumchana mbwa akiwa mkavu, kutenga nguo za kazi hiyo na kunawa inavyopasa ni mambo yanayowezekana, na hukumu yake mwulize shehe wako. Ninachokumbuka tangu madrasa ni hadithi ya aliyeshuka kisimani akampa maji mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, na kwa tendo hilo akasamehewa. Huruma kwa mbwa si jambo geni katika dini zetu.

Watoto nao wafundishwe, maana wao ndio wanaoumwa. Mtoto ajue kwamba mbwa hasumbuliwi akila, akilala wala akinyonyesha. Kwamba mbwa mgeni hakimbiwi na hakodolewi macho. Kwamba mtoto anayemchana mbwa awe karibu na mtu mzima. Na ajue la muhimu kuliko yote: akiumwa au kukwaruzwa, aseme, hata kama alikuwa amekatazwa kwenda alikokwenda. Tusimchape mtoto kwa kuumwa na mbwa, kwa sababu safari nyingine ataficha kidonda.

Kidonda chenyewe kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano nzima ukitazama saa. Wengi huosha dakika moja wakadhani wamemaliza. Usipake pilipili, usipake mafuta ya taa, usifunge jiwe jeusi. Kisha nenda siku hiyo hiyo: Hospitali ya Rufaa ya Arua, Hospitali ya Koboko, au kituo cha afya kilicho karibu kikuelekeze. Huko utaanza mfululizo wa sindano. Zimalize zote, hata ukijisikia mzima.

Kuna watakaosema kazi hii ni ndogo mno kwa ugonjwa mkubwa namna hiyo. Hao nawapeleka kando ya mito yetu. Sisi wa Arua, Maracha, Koboko na Yumbe tumeishi na malale vizazi kwa vizazi. Wazee wetu walihamishwa kutoka kando ya mito kwa sababu ya mbung'o wanaoeneza ugonjwa huo. Kisha, katika miaka ya 2010, tukaanza kuona vitambaa vidogo kando ya maji: kipande cha bluu na kipande cha wavu mweusi, robo mita kwa nusu mita, vimewekwa dawa. Watu walivicheka. Wengine walidhani ni vya ushirikina. Lakini mbung'o walivifuata, wakagusa, wakafa. Pamoja na upimaji na matibabu, vitambaa vile vilisaidia kulishusha gonjwa hilo, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imetokomeza malale ya aina yetu kama tatizo la afya ya jamii. Kama kitambaa kisichozidi ukubwa wa leso kinaweza kufanya hivyo, tusilidharau dodoki.

Na mfano wa kichaa cha mbwa chenyewe upo kwa jirani zetu wa Tanzania. Kisiwa cha Pemba, baada ya kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza mwaka 2010, kilifika mwaka 2014 bila ugonjwa huo. Mwaka 2016 ukarudi ukiletwa kutoka nje ya kisiwa. Wapemba hawakukata tamaa. Wakachanja tena, na mwaka 2018 wakaufukuza mara ya pili. Sisi tuna funzo maradufu hapo. Pemba imezungukwa na bahari na bado mbwa mgonjwa aliingia. Koboko ina mipaka miwili ya nchi kavu, Sudani Kusini upande mmoja na Kongo upande wa pili, na mbwa hasimami kituo cha mpakani cha Oraba kugongewa muhuri. Anayekwenda mnadani Ariwara, upande wa Kongo, hufuatwa na mbwa wake. Anayetoka Kaya, upande wa Sudani Kusini, huja na wake. Kwa hiyo tusitamani uzio. Tutamani mbwa wengi waliochanjwa pande zote tatu, na tuzungumze na shemeji zetu wa ng'ambo kwa Kiswahili hiki hiki kinachotuunganisha sokoni.

Wakimbizi waliomo miongoni mwetu, katika makazi ya Lobule, Rhino Camp, Imvepi na Bidibidi, wasisahauliwe katika hesabu hii. Wapo waliovuka mpaka wakiwa hawana kitu ila mbwa wao. Kule Gulu kuna mradi unaowapa watu waliojeruhiwa na vita mbwa wa kutunza, na ulianzishwa na Francis Okello Oloya, mtu aliyepoteza macho kwa bomu akiwa mvulana wa miaka 12. Huko wanajifunza kumlisha mbwa, kumwogesha, kumchana na kumfunza, na wengi wao katika kumtunza mbwa hupata usingizi uliokuwa umewakimbia. Mkono unaopapasa nao hupapaswa.

Basi ombi langu ni hili, na lina kalenda yake. Tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur, mwanzilishi wa chanjo ya kichaa cha mbwa, mwaka 1895, dunia huadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa. Usiisubiri. Anza jioni hii, na ujipe mwezi mmoja.

Wiki ya kwanza, gusa mabega na mgongo tu. Dodoki au chanuo, dakika kumi, ukisema naye taratibu, na kipande cha muhogo mkononi kama shukrani. Akiondoka, mwache aondoke. Kesho atakaa zaidi.

Wiki ya pili, nenda masikioni na shingoni. Toa kupe mmoja au wawili, si wote. Simama kabla hajachoka.

Wiki ya tatu, shika miguu. Mbwa wengi huchukia hapo, kwa hiyo nenda polepole, kidole kimoja kwa siku kama ikibidi.

Wiki ya nne, weka kichwa chake kwenye paja lako, mfinye ngozi ya shingoni kwa vidole viwili, uhesabu mpaka kumi, kisha umpe muhogo. Fanya hivyo kila jioni. Mtu wa mifugo atakapofinya ngozi hiyo hiyo, mbwa wako ataona ni jioni kama jioni nyingine.

Akiwa na miezi mitatu mbwa aanze chanjo, na irudiwe kila mwaka kama daktari atakavyokuelekeza. Wenyeviti wa vijiji (LC1), hesabuni mbwa wa kijiji mjue saba katika kumi ni wangapi kwenu. Walimu, tengeni kipindi kimoja cha kuwafundisha watoto kuosha kidonda. Vinyozi na wasusi wa Arua, ninyi wenye mikono inayojua nywele kuliko sisi sote, mwonyesheni jirani jinsi ya kufungua fundo bila kuumiza. Hilo halihitaji kwenda shule Ulaya.

Yule mvulana wa waya bado namkumbuka. Sikumwuliza jina, na mbwa wake sijui kama alipatikana. Lakini pikipiki ya mtu wa mifugo itapita tena chini ya mwembe ule. Natamani siku hiyo nimwone akija mikono mitupu, bila waya, na mbwa wa kahawia anamfuata nyuma kwa hiari yake.